Mashine Iliyokataa Kuujua Unyevu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaitwa Bwana Lebo. Jina hilo nilimpa mimi, kwa hiyo lawama zote zije kwangu. Nilimpa wiki ya pili baada ya harusi yao, siku nilipokwenda kuwatembelea nikakuta nyumba nzima imebandikwa vikaratasi. SUKARI. CHUMVI. MAJANI YA CHAI. BETRI NZIMA. BETRI ZILIZOKUFA (ZISITUPWE). Ukumbini kulikuwa na swichi moja tu ya taa, iko peke yake ukutani, haina jirani wa kuchanganywa naye, na bado chini yake pameandikwa TAA YA UKUMBI. Nikamuuliza dada, "Na wewe amekubandika wapi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba kitu kisicho na jina lililoandikwa kinaweza kuwa kitu chochote, na kitu kinachoweza kuwa chochote ni hatari.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo watu wanaopima mara mbili kabla ya kukata nawaheshimu. Huyu lakini alipima, akapima tena, akaandika vipimo, kisha akaibandika ile karatasi ya vipimo lebo ya VIPIMO.

Kazi yake ni kuandika programu za mashine ndogo, zile zisizo na kioo wala vitufe vya maana: pampu inayojizima tangi likijaa, geti linalofunguka lenyewe, mizani inayosoma uzito. Ndani ya kila moja kuna bodi ya kijani yenye ubongo mdogo kama ukucha wa mtoto, na ubongo huo haujui lolote mpaka mtu auandikie. Lugha wanayotumia inaitwa C. Herufi moja tu. Nilimwambia kwamba watu walioshindwa kumalizia hata jina la lugha yao tusiwatarajie makubwa. Akasema, "Shemeji, ndiyo maana makosa yake nayo ni mengi." Nikampenda siku ile.

Mama yetu yeye hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Watu wakimuuliza mkwewe anafanya nini, alijibu, "Anakaa ofisini, anaandika." Anaandika nini? Barua? Vitabu? "Muulizeni mwenyewe." Shemeji akiulizwa mwenyewe, alianza kueleza tangu mwanzo wa umeme, na watu wakakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni. Basi akabaki hivyo miaka minne, mkwe ambaye hakuna aliyejua wa aina gani. Dada aliniambia jambo hilo lilikuwa linamuuma. Usoni halionekani, ila alikuwa akitoka nyumbani kwa Mama anakuwa kimya njia nzima.

Na alikuwa ameanza vibaya. Mara yake ya kwanza kulala pale nyumbani aliamka mapema, na kwa moyo mweupe kabisa akaandika lebo za jiko lote la Mama, kwa herufi nzuri zinazolingana. Mama aliingia, akasoma ukuta mzima kutoka kushoto kwenda kulia, akasema, "Mkwe wangu, nimepika humu miaka thelathini na mbili. Chumvi haijawahi kunipotea." Jioni alizibandua zote taratibu bila kuzichana, akazitia kwenye bahasha, akamrudishia kwa mikono miwili. Toka siku hiyo waliheshimiana sana, na waliheshimiana kwa mbali.

Kinachochekesha ni kwamba Mama naye ni mtu wa lebo, ila za kwake haziitwi lebo. Zinaitwa kadi.

Mama anatotolesha vifaranga. Nyuma ya nyumba kuna chumba kilichokuwa stoo, na humo kuna sanduku la mbao kubwa kama kabati la nguo, alilotengenezewa na seremala. Ndani kuna hita, feni, beseni la maji la kuleta unyevu, kitambaa kinachonyonya maji, na trei saba za mayai. Kando ya mlango kulikuwa na kile tulichokiita kichwa cha mashine, kikopo cha dukani kilichowasha hita joto likishuka na kuizima likipanda. Joto lake ni thelathini na saba na nusu. Likipungua sana, vifaranga wanadumaa ndani ya ganda. Likizidi, wanaiva, na Mama hapendi neno hilo litajwe mle chumbani.

Mayai yanageuzwa kwa mkono mara tatu kwa siku, na kila trei imening'inizwa kadi yenye namba yake. Ukigeuza, unatia alama kwenye kadi. Sheria ya Mama ni moja. "Usiniambie umegeuza. Kadi iniambie."

Mwaka jana kadi ziliingia maji, Baba akaombwa aziandike upya. Baba ni dereva mstaafu, mwandiko wake mzuri, lakini akili yake siku hiyo ilikuwa kwenye mpira redioni. Aliandika kadi mbili za trei ya nne, na ya pili ikaning'inizwa kwenye trei ya tano. Siku tatu nzima, kila aliyeingia kugeuza alitia alama kwenye kadi ya nne, akakutana na ya nne tena, akajiambia, hii si nimeshageuza, akairuka. Mayai arobaini na manne yakagandia upande mmoja wa ganda. Hakuna aliyemgombeza Baba, ila tangu hapo kwetu jambo lolote lililorukwa kwa uzembe linaitwa trei ya Baba. Nikisahau kifungo kwenye shati la mteja, Mama husema, "Naona umetia trei ya Baba hapa."

Sasa tufike kwenye Jumapili ya mkasa wenyewe.

Ilikuwa siku ya kumi na saba ya mayai, saa mbili asubuhi. Mama aliingia chumbani akakuta harufu ya plastiki iliyoungua na kile kichwa cha mashine kimekufa, kimevimba ubavuni. Ndani ya sanduku mlikuwa na mayai mia tatu na nane. Hayakuwa mayai ya kununua. Yalitoka kwa kuku wake mwenyewe, aliowachagua mmoja mmoja kwa miaka miwili, mama mzuri kwa mama mzuri, mpaka akapata kundi analolitaka. Wiki moja kabla alikuwa ameniambia, huku anamulika yai kwa tochi, kwamba hawa wakifika salama ataendelea, na wakiharibika na yeye basi, chumba kirudi kuwa stoo. Aliniambia kama anayezungumzia hali ya hewa. Mimi nilimwelewa.

Akapiga simu dukani. Fundi wa huko akasema kichwa kipya kitapatikana Jumatano, kwa sasa ajaribu kukizima na kukiwasha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama akakata simu, akasimama kidogo huku anaitazama mashine, kisha akaniambia bila kunitazama, "Mpigie dada yako. Mwambie aje na yule mumewe. Aje na vitu vyake."

Kabla hawajafika tukawa sisi wenyewe ndio kichwa cha mashine. Niliunga hita moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani. Baba akawekewa kigoda mbele ya kidirisha cha sanduku, miwani machoni, asome kipimajoto. Mimi kwenye swichi.

"Thelathini na nane!"

"Nimezima!"

"Thelathini na saba na nusu… na robo… thelathini na saba!"

"Nimewasha!"

Nusu saa ya kwanza ilikuwa mchezo. Baada ya hapo nilielewa kwa nini watu walitengeneza mashine. Na nikapiga hesabu: kutoka Jumapili mpaka Jumatano, usiku na mchana, mtu mmoja anasinzia na mwingine ana nguo za watu za kushona.

Shemeji aliingia saa tatu na nusu, jasho linamtoka, kabeba boksi la kadibodi. Juu ya boksi pameandikwa kwa herufi zake zile zinazolingana: KICHWA CHA MASHINE YA MAMA (KIKIHITAJIKA). Dada akaninong'oneza kwamba alikitengeneza mwaka jana, polepole, jioni moja moja, wala hakumwambia mtu. Mama alilisoma boksi lile. Akalisoma tena. Akasema tu, "Karibu, mkwe. Meza ile pale."

Nyaya hazikumsumbua. Dakika ishirini bodi ilikuwa ukutani, kipimajoto chake kimeingizwa ndani ya sanduku, hita imeungwa. Lililobaki ni kuitia programu. Akafungua laptopu mezani, sebuleni, mlango wa chumba cha mashine ukiwa wazi ili atusikie. Akabonyeza kitufe. Akatulia. Akakuna kichwa.

"Imekuwaje?" dada akauliza.

"Mkaguzi amekataa."

Mkaguzi ni jina analoipa programu inayosoma maandishi yake yote kabla ya kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Haina adabu. Ikikuta kitu isichokijua inasimama hapo hapo na kuandika kwa rangi nyekundu.

"Amesema nini?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

Shemeji akasoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani aliofeli. "Anasema, unyevu ni jina la aina asiyoijua."

Mama akatazama sanduku, akamtazama mkwewe. "Mashine ya kutotolesha haijui unyevu?"

"Haijui, Mama."

"Basi iambie."

"Nimeiambia. Kuna faili zima nimeandika unyevu ni nini, unapimwa wapi, mwisho wake wa chini, mwisho wake wa juu. Kuna na faili la joto, nalo hivyo hivyo. Joto inalijua. Unyevu inasema haijawahi kuusikia."

"Labda haijakusikia vizuri," akasema Mama, na nadhani alimaanisha hivyo hasa.

"Thelathini na nane!" Baba akaita.

"Nimezima!"

Akaanza na herufi. Mtu akikosea herufi moja ya jina, mkaguzi analihesabu jina hilo kuwa geni. Dada akawa anasoma skrini kwa sauti, u, n, y, e, v, u, na shemeji anafuatisha kwa kidole, mara kumi na moja, kila mahali lilipotokea. Herufi zote zilikuwa mahali pake. Akasema labda ni nambari: kuna faili moja la msingi linaloieleza mashine nambari ni za ukubwa gani, usipoliita mwanzoni, mashine haijui hata moja ni nini. Akaliita. Mkaguzi akarudisha neno lile lile. Labda anwani, labda faili limekaa mahali ambapo mkaguzi hapitii. Akalihamisha. Lile lile. Akafuta kazi yote ya mkaguzi ili aanze kusoma upya tangu ukurasa wa kwanza. Mkaguzi akasoma upya tangu ukurasa wa kwanza, akakataa upya.

Mimi mkono umekufa ganzi pale kwenye swichi, nikapaza sauti: "Shemeji! Si dada amesema ulikitengeneza mwaka jana, na programu ya joto ilikuwa inafanya kazi? Weka hiyo ya zamani, hayo ya unyevu yaje kesho!"

Sebuleni akaondoa vidole kwenye laptopu kama mtu aliyekamatwa.

"Nilisafisha," akasema.

"Ulisafisha nini?"

"Wiki iliyopita. Yote ilikuwa imejaa kwenye faili moja, haipendezi. Nikaigawa, joto kwake, unyevu kwake. Ile ya zamani nikaifuta ili isije ikachanganya."

Yaani mtu huyu huyu ambaye betri zilizokufa anaziwekea kopo lake na anakataza zisitupwe, alitupa kitu pekee kilichokuwa hai. Nilitaka kumwambia. Nilipotazama shingo yake ilivyoinama nikaliacha, nikawasha hita.

Saa saba ilipofika akapiga kelele: "Imekubali! Mama, imejua unyevu!" Dada akapiga makofi. Alikuwa amepindua mpangilio tu: mwanzo faili la joto ndilo lililosomwa kwanza na la unyevu likafuata, sasa akatanguliza la unyevu. Tukakimbilia mezani sote, na mimi nimo. Kwenye skrini palikuwa na neno jekundu jipya.

"Sasa inasemaje?"

Shemeji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Inasema joto haijawahi kulisikia."

"Lakini joto si ilikuwa inalijua?"

"Ilikuwa inalijua."

Akapindua tena. Joto likajulikana, unyevu ukapotea. Akapindua tena. Unyevu ukarudi, joto likaenda zake. Mama alisimama nyuma ya kiti anatazama, mikono kaiweka kiunoni, macho kayakaza, vile anavyolitazama yai lenye shaka.

Na kwa kuwa wote tulikuwa pale mezani, hakuna aliyekuwa kwenye swichi, na hakuna aliyegundua kwamba Baba amenyamaza.

Nilikumbuka mimi. Nilikimbia. Baba alikuwa kwenye kigoda, kidevu kifuani, miwani puani, amelala usingizi wa haki. Kipimajoto kilikuwa kimefika thelathini na tisa na nusu. Nilizima, nikafungua mlango wa sanduku, joto likanipiga usoni. Mama alifika nyuma yangu akaanza kupepea kwa kifuniko cha beseni. Alitoa yai moja kutoka trei ya juu, ile iliyo karibu na hita, akaliweka kwenye kope la jicho lake kama tunavyofanya, kupima. Kisha akalihamishia jicho la pili. Sijawahi kumwona Mama akipima yai moja mara mbili. Nikaogopa kweli.

Joto lilipotulia thelathini na saba na nusu, alimwamsha Baba kwa upole, akanirudisha mimi kwenye swichi, akavuta kiti, akaenda kukaa bega kwa bega na mkwewe. Kwa miaka minne hawakuwahi kukaa karibu hivyo.

"Mkwe," akasema, "kuuliza si ujinga. Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajui kitu."

"Mama, sijui hata mimi nikueleze nini."

"Huyo mkaguzi wako. Mafaili ni mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Na anayasoma yote?"

"Yote. Mengine yanaitwa na mafaili mengi, kwa hiyo anaweza kukutana na faili moja mara tano, mara sita."

"Anasoma mara sita kitu kile kile?"

"Hapana, anasoma mara moja tu. Akikutana nalo tena analiruka."

Mama akasogeza kiti chake mbele. Mimi nikiwa kwenye swichi nilisikia kiti kikikwaruza sakafu, nikageuka.

"Anajuaje," akauliza polepole, "kwamba hili nimeshalisoma?"

"Kila faili lina jina lake juu kabisa. Akianza kulisoma, analiandika lile jina kwake. Baadaye akiona jina ambalo ameshaliandika, anajua amepita, anaruka."

"Kama kadi."

"Kadi gani, Mama?"

"Nionyeshe hizo kadi."

"Mama, hiyo ni mistari ya desturi tu. Iko juu ya kila faili, miaka yote. Mimi hata siisomi."

"Ndiyo maana nataka kuiona. Nionyeshe."

Akafungua faili la joto. Mama akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa, akasoma kwa sauti: "JOTO." Akafungua faili la unyevu. Mama akasogeza kidole juu kabisa. Akainama. Akasoma tena, kisha akanyanyuka kutoka kwenye kile kiti kwa kasi ambayo sikujua bado anayo.

"Trei ya Baba!"

Kutoka chumba cha mashine, sauti ya Baba ikajibu kwa masikitiko, "Nimefanya nini tena?"

Juu ya faili la unyevu pameandikwa JOTO.

Shemeji alipotaka kuliandika faili la unyevu, alilinakili la joto ili asianze upya, akabadilisha ndani kila kitu, vipimo, maelezo, majina, mpaka mkato. Kadi ya mlangoni akaiacha. Mkaguzi akasoma la kwanza, akatia alama: joto, nimepita. Akafika la pili, akaona joto tena, akasema hili nimeshalisoma, akaruka. Ukitanguliza la unyevu, linaingia kwa kadi ya joto, na joto lenyewe likija linaambiwa limeshapita. Aliyetangulia alikuwa anamfungia mwenzake nje.

Shemeji alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Bwana Lebo! Mtu aliyeandika TAA YA UKUMBI chini ya swichi iliyo peke yake! Nilijitahidi, Mungu ni shahidi, lakini ulimi una mambo yake. "Nyani haoni kundule," nikasema.

"Wewe tazama swichi," Mama akanikata. Akamgeukia mkwewe, akamshika bega. "Baba yao alikuwa anasikiliza mpira. Wewe ulikuwa unasafisha. Badilisha tuone."

Akabadilisha neno moja. Akabonyeza. Mkaguzi akasoma mafaili yote kumi na mawili, na safari hii hakuandika kitu chekundu. Programu ikaingia kwenye bodi, kitaa kidogo cha kijani kikawaka, na shemeji akaniambia nitoe mkono wangu kwenye swichi. Sikuutoa mara moja. Nilikuwa nimeshazoea kuaminiwa.

Tulisimama sote mbele ya sanduku. Thelathini na saba na nusu. Na robo. Kidogo chini ya robo. Ndani ya bodi kitu kikalia, ta! na hita ikawaka yenyewe. Namba zikapanda. Ta! ikazima. Baba akasema, "Inafanya kazi yangu vizuri kuliko mimi." Dada akaanza kulia, tukamcheka, kisha nikaona na mimi macho yamelowa. Mama hakucheka wala hakulia. Alikaa kwenye kigoda cha Baba akaisikiliza ile ta mpaka saa kumi na moja.

Siku nne baadaye maganda yalianza kupasuka. Trei ya juu ilituumiza, ile iliyokuwa karibu na hita Baba alipolala: kati ya mayai yake walitoka kumi na mmoja tu, na Mama aliwazika waliobaki mwenyewe, hakutaka msaada. Lakini trei sita zilijibu. Tulihesabu vifaranga mia mbili thelathini na tisa, wamelowa, wakali, kila mmoja analalamika. Chumba hakikurudi kuwa stoo.

Bwana mifugo alikuja siku ya pili kuwachanja. Ni mtu wa kuulizauliza. Aliona ile bodi ukutani na kitaa chake, akainama, akaisikiliza.

"Hii hukuinunua dukani, mama. Nani kakutengenezea?"

"Mkwe wangu."

"Kumbe ni fundi umeme?"

Shemeji alikuwa kasimama mlangoni na boksi la vifaranga mikononi, na nilimwona kabisa anajiandaa kusikia kwamba yeye anakaa ofisini, anaandika.

"Hapana," Mama akasema. "Mashine haijui kitu. Yeye anaiandikia kadi, kadi moja kwa kila kitu, mpaka ijue kipi ni joto na kipi ni unyevu. Ni kazi ngumu. Kadi moja ukiikosea, kazi yote inasimama."

Bwana mifugo akatikisa kichwa kwa heshima, maana alielewa. Miaka minne shemeji alieleza kuanzia mwanzo wa umeme asieleweke na mtu, na Mama alimaliza kabla sindano haijajaa dawa. Shemeji aliweka boksi chini akatoka. Baadaye nilimkuta uani anaosha trei ambayo nilishaiosha mimi. Sikumtania. Kuna siku hata mimi naweza kujizuia.

Walipokuwa wanaaga jioni ile, Mama akamsimamisha mlangoni. "Mkwe, zile karatasi zako za jikoni. Ulizitupa?"

Dada akanitazama, mimi nikamtazama dada. Shemeji akaingiza mkono kwenye begi la laptopu, mfuko wa ndani kabisa, akatoa bahasha ile ile iliyokuwa imerudishwa kwa mikono miwili. Juu yake aliandika, sijui mwaka gani: LEBO ZA JIKO LA MAMA (AKIBADILI MAWAZO).

Mama alisoma, akaguna, akaingia nayo jikoni, akafunga mlango. Kesho yake nilipokwenda kuchemsha chai nilizikuta zote zimebandikwa, zimenyooka. Sukari. Majani ya chai. Unga. Viberiti. Moja tu haikuwepo, na kopo lake lilikaa pale pale katikati ya mengine, uso mtupu, kama lilivyokaa miaka thelathini na sita.

Chumvi haijawahi kumpotea.